Bahari Mbali na Bahari: Historia ya Chumvi nchini Uganda na Lugha ya Kuchanganyia Maji ya Matumbawe

Ikisiri

Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 kuhusu Kiswahili umeingiza msamiati wa bahari katika madarasa ya nchi isiyo na pwani. Makala haya yanachunguza neno moja la msamiati huo, yaani chumvi, kwa kutumia mfano wa maji ya bahari yanayotengenezwa kwa ajili ya kufugia matumbawe. Yanapitia historia ya chumvi ya Kibiro na Katwe, majaribio ya Ulaya ya kuiga maji ya bahari, na nafasi ya kilima cha Kibuli, Kampala, katika historia ya Kiswahili nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba neno chumvi, likitumiwa peke yake, hutosheleza baharini ambako uwiano wa chumvi mbalimbali haubadiliki sana, lakini hupotosha bara ambako kila chemchemi na kila ziwa lina chumvi yake. Makala yanapendekeza kwamba upangaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili nchini Uganda uyape nafasi maarifa ya chumvi ya bara.

Istilahi muhimu: chumvi, munyu, magadi, chokaa, matumbawe, Kibiro, Katwe, Kibuli, sera ya lugha

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule iliyopo Kibuli anaishi zaidi ya kilomita 900 kutoka bahari iliyo karibu naye. Hata hivyo, somo la Kiswahili, ambalo tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ni la lazima katika vidato viwili vya kwanza, humkutanisha na maneno ya pwani mara kwa mara: maji kujaa na kupwa, bamvua, mwamba, ngalawa, matumbawe. Maneno hayo hufundishwa kwa picha na kwa maelezo mafupi. Swali linaloulizwa katika makala haya ni kama maelezo hayo yanabeba maarifa yanayotosha kutenda jambo, au yanabeba majina matupu.

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kuchagua jambo ambalo haliwezi kufanikiwa kwa majina matupu. Ufugaji wa matumbawe katika tangi la kioo ni jambo la namna hiyo. Tumbawe ni mnyama anayejenga mifupa ya mawe kwa kuchota madini katika maji yanayomzunguka. Mbali na bahari, maji hayo hayana budi kutengenezwa kwa kuchagua chumvi na kuichanganya na maji baridi. Anayechagua vibaya hupata maji yenye ladha ya bahari na uzito wa bahari, lakini tumbawe haliwezi kuishi ndani yake. Katika kazi hiyo, tofauti kati ya chumvi na chumvi ni tofauti kati ya uhai na kifo cha kiumbe.

Makala haya ni ya kihistoria. Yanaanza na njia zilizokifikisha Kiswahili Kibuli, kisha yanaeleza chumvi ambazo watu wa Uganda walizijua kabla ya kuijua bahari, yanaendelea na historia ya maji ya bahari ya kutengenezwa, na kumalizia na maana ya historia hiyo kwa wapangaji wa sera ya lugha.

2. Kibuli na njia za Kiswahili

Kiswahili kilifika Buganda pamoja na misafara ya biashara. Wanahistoria wengi huutaja mwaka 1844 kuwa ndio mwaka ambao Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyetokea upande wa Unyanyembe na Karagwe, alifika katika ikulu ya Kabaka Suna II. Chini ya Kabaka Mutesa I lugha hiyo ilikuwa tayari inasikika ikulu. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875, alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, ambaye alibaki Buganda akimsomea na kumfasiria Kabaka maandiko kwa Kiswahili.

Baada ya vita vya kidini vilivyoanza mwaka 1888, jamii ya Waislamu wa Buganda ilijikusanya chini ya uongozi wa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti, shule na hospitali. Jiwe la msingi la Msikiti wa Kibuli liliwekwa mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Katika kilima hichohicho kipo pia chuo cha mafunzo ya polisi. Kwa hiyo, njia mbili kuu zilizokihifadhi Kiswahili nchini Uganda, yaani mtandao wa Waislamu na vyombo vya usalama, zinakutana Kibuli.

Njia ya tatu, yaani shule, ilifunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliupinga mpango huo kwa maandishi, na wamisionari wengi walikuwa upande wake. Mwaka 1930 Uganda iliingia katika Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar, lakini katika miaka ya 1950 Kiswahili kilikosa nafasi katika shule za kawaida na kubaki katika polisi na jeshi. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 lililokifanya lugha ya taifa halikukipeleka darasani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa Julai 2022 ukaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Historia hiyo imeacha athari moja ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Kiswahili cha Uganda kilikua katika biashara, ibada na amri. Hakikupata muda mrefu wa kukua katika maabara, karakana na vitabu vya sayansi. Kinaporudi shuleni leo, msamiati wake wa sayansi unachukuliwa ukiwa umekamilika kutoka pwani na kutoka Tanzania, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kuchukua si kosa. Tatizo hutokea pale ambapo neno linalochukuliwa lilikatwa kwa kipimo cha mazingira mengine.

3. Munyu, chumvi na magadi

Luganda huiita chumvi omunnyo, Kinyarwanda umunyu, na Kishona, mbali kusini, munyu. Lahaja za Kiswahili za pwani ya kaskazini zinalo neno hilohilo, munyu, ingawa Kiswahili Sanifu kimelitanguliza chumvi. Mwenendo huu unaonyesha kwamba msemaji wa Luganda anayejifunza Kiswahili hapokei jambo geni. Anapokea jina la pili la kitu ambacho babu zake walikitafuta kwa jasho.

Buganda haikuwa na chemchemi kubwa za chumvi. Watu wake walichoma mimea ya majini na matete, wakachuja majivu na kuchemsha maji yake ili kupata chumvi hafifu. Chumvi ya majivu ya mimea huwa na potasiamu nyingi, na ndiyo sababu ladha yake hutofautiana na ile ya chumvi ya mezani. Chumvi bora zaidi ilitoka Bunyoro na nchi za magharibi. Mla chumvi wa Buganda wa karne ya kumi na tisa alijua, kwa ulimi, kwamba chumvi ya majivu si sawa na chumvi ya Kibiro. Karibu na aina hizo ipo magadi, ambayo kila jiko la Afrika Mashariki hulitofautisha na chumvi: magadi hulainisha maharage na mboga ngumu, nayo hutoka katika maziwa yenye kaboneti nyingi kama Ziwa Magadi la Kenya. Kwa lugha ya kemia, majivu, chumvi na magadi ni makundi matatu tofauti. Watumiaji wa kawaida waliyatenganisha kabla ya maabara kuyapa fomula.

4. Kibiro: chumvi inayotunzwa

Kibiro ni kijiji kilichopo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Albert, katika wilaya ya Hoima. Utafiti wa kiakiolojia uliofanywa na Graham Connah na kuchapishwa mwaka 1996 ulithibitisha kwamba chumvi imetengenezwa hapo kwa karne nyingi, na kwamba marundo makubwa ya vigae yanayokizunguka kijiji ni mabaki ya vyungu vya kuchemshia.

Kazi hiyo ni ya wanawake. Kila bustani ya chumvi ina mwenyewe, na haki ya kuitumia hurithishwa ndani ya ukoo kwa upande wa wanawake. Maji moto yenye chumvi hupenya ardhini kutoka katika chemchemi. Mtengenezaji hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi hiyo yenye unyevu. Udongo hunyonya maji ya chumvi kutoka chini, jua huyakausha, na chumvi hubaki katika udongo. Baadaye udongo hukwanguliwa, huwekwa katika chombo chenye matundu, na kumwagiwa maji yanayoiosha chumvi na kutiririka nayo. Maji hayo huchemshwa mpaka chumvi ibaki. Udongo uliooshwa haupotei. Hurudishwa bustanini kutumika tena.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mchakato huu ni wa kuchagua. Chumvi huokotwa kwa kuosha, kuchuja na kuchemsha, na zao lake lilithaminiwa sana katika masoko ya ndani ya nchi. Pili, Kibiro haina ardhi nzuri ya kilimo, hivyo wakazi wake walibadilishana chumvi kwa chakula. Chumvi iliyoharibika ingekuwa njaa. Maarifa ya ubora wa chumvi yalikuwa maarifa ya maisha, na walioyashika walikuwa wanawake, ambao majina yao hayakuingia katika vitabu vya wasafiri.

5. Katwe: chumvi isiyoeleweka

Ziwa Katwe lipo katika kreta ya volkano, katika wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Chumvi yake iligombaniwa. Omukama Kabalega wa Bunyoro aliidhibiti. Stanley alipita hapo mwaka 1889. Na mwaka 1891 Frederick Lugard alijenga ngome aliyoiita Fort George ili kuiweka chumvi hiyo mikononi mwa wakoloni na washirika wao. Hadi leo watu huchimba mabwawa madogo pembezoni mwa ziwa na kuacha jua lifanye kazi yake, huku wengine wakipasua chumvi mwamba kutoka sakafuni mwa ziwa. Zao la ziwa hupangwa kwa madaraja: lipo la kuliwa na watu, na lipo la mifugo na viwanda. Soko lake limeihudumia Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki, ambako wanunuzi huja na Kiswahili chao cha Kivu.

Maji ya Katwe ni mchanganyiko wa sodiamu, potasiamu, kloridi, salfeti na kaboneti. Kalsiamu na magnesiamu ni kidogo mno, kwa sababu kaboneti nyingi zilizomo huzikamata na kuzituliza chini kama mawe. Hivyo ni ziwa lenye chumvi kupita bahari mara kadhaa, lakini kwa muundo wake ni jirani wa magadi zaidi kuliko wa bahari.

Tofauti hiyo ililigharimu taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa Katwe kiwanda cha kisasa cha chumvi kwa teknolojia ya kigeni. Hakikudumu. Maji ya ziwa yaliyala mabomba ya mitambo ya kupashia joto, uzalishaji ukasimama, na majengo yakabaki magofu kandokando ya wachimbaji walioendelea na mabwawa yao. Somo la Katwe ni la wazi: mtambo uliobuniwa kwa ajili ya maji ya chumvi unaweza kushindwa na maji haya ya chumvi. Wachimbaji walikuwa na madaraja na majina ya zao la ziwa lao. Mradi mkubwa ulishughulika na chumvi kana kwamba ni moja.

6. Kuiga bahari: kutoka London hadi maabara

Wakati Kibiro na Katwe zikilisha masoko ya maziwa makuu, wataalamu wa Ulaya walikuwa wakijiuliza bahari ni kitu gani. Mwaka 1819 Alexander Marcet alidokeza kwamba chumvi za bahari zote zina uwiano unaofanana. Johan Georg Forchhammer aliipa hoja hiyo nguvu katika miaka ya 1860, na mwaka 1884 William Dittmar akaithibitisha kwa kupima sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger kutoka bahari mbalimbali duniani. Bahari inaweza kuwa na chumvi nyingi zaidi au pungufu, lakini sehemu zake hukaa katika uwiano uleule.

Kwa wastani, kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Kati ya hizo kloridi ni gramu 19.4, sodiamu 10.8, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4 na potasiamu 0.4. Sehemu hizo sita ni zaidi ya asilimia 99 ya chumvi yote. Kalsiamu, ambayo ndiyo mawe ya nyumba ya tumbawe, ni takriban gramu moja tu katika kila gramu 85.

Udogo huo ulimponza mtu wa kwanza aliyepata umaarufu kwa kutengeneza maji ya bahari. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na watu wa mijini wakataka kuweka viumbe wa bahari majumbani. Kusafirisha maji kutoka pwani kulikuwa ghali. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kanuni yake: chumvi ya mezani, chumvi ya haluli, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu, zikiyeyushwa katika maji baridi. Alitegemea uchambuzi wa maji ya bahari ya Brighton uliokuwa umechapishwa, akaacha vitu alivyoviona kuwa vichache mno kuwa na maana. Miongoni mwa vilivyoachwa ni chumvi za chokaa.

Maji ya Gosse yaliwafaa baadhi ya mimea na wanyama laini kwa muda. Tumbawe linalojenga miamba lisingeweza kujenga chochote ndani yake. Kanuni zilizofuata zilizirudisha sehemu zilizoachwa: ile ya Lyman na Fleming ya mwaka 1940, iliyotumika sana katika maabara, ilikuwa na chumvi kumi, ikiwemo kloridi ya kalsiamu na bikaboneti ya sodiamu. Mchanganyiko mkavu unaouzwa leo kwenye ndoo na mifuko kwa wafugaji wa matumbawe ni mzao wa kanuni za namna hiyo.

Jambo lingine lilikuwa limegunduliwa mwaka 1849, nalo linaihusu moja kwa moja chumvi inayouzwa madukani Kampala. Mkemia Usiglio alikausha maji ya bahari hatua kwa hatua na kuona kwamba chumvi hazitulii pamoja. Kaboneti ya kalsiamu hutangulia, hufuata jasi, kisha chumvi ya kawaida maji yanapobaki takriban sehemu moja ya kumi. Magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho, ambayo mashamba ya chumvi huyamwaga. Kwa hiyo chumvi ya bahari iliyovunwa katika mabwawa ya pwani ya Kenya au Tanzania imetoka baharini, lakini haibebi bahari yote. Chokaa imeachwa katika bwawa la kwanza, na magnesiamu imemwagwa kutoka katika la mwisho. Ukiiyeyusha katika maji baridi, bahari hairudi.

7. Kuchanganya maji Kibuli

Ikiwa shule au chuo kilichopo Kibuli kitataka kuweka tangi dogo la matumbawe kwa ajili ya kufundishia, kitakutana na historia hiyo yote katika ndoo moja.

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na kusafishwa kwa klorini katika mitambo kama ile ya Ggaba. Yanafaa kunywewa yakichemshwa, lakini klorini, fosfeti na mabaki mengine, hata yakiwa machache, huwadhuru matumbawe au kuotesha mwani. Hivyo maji huchujwa kwanza mpaka yabaki karibu matupu. Kisha huchaguliwa mchanganyiko wa chumvi uliotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, ambao lebo yake hutaja kiwango cha kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti. Chumvi hutiwa katika maji yanayozunguka, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya chumvi, kwa sababu mahali penye msongamano mkubwa chokaa huungana na kaboneti na kutulia kama unga mweupe, na unga huo hauyeyuki tena kwa urahisi. Mchanganyiko huachwa ukizunguka kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi siku nzima, ukiwa na joto la takriban nyuzi 25, ndipo hupimwa.

Katika kipimo ndipo lilipo fundisho kubwa zaidi kwa mtafiti wa lugha. Chombo cha kawaida ni hidromita, ambayo huonyesha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu. Kwa maji ya bahari ya joto hilo, usomaji hukaribia 1.025. Lakini chumvi ya mezani peke yake inaweza kuleta usomaji huohuo. Chumvi ya Katwe pia. Hidromita hujumlisha, haichambui. Baharini hilo halina madhara, kwa kuwa Dittmar alionyesha kwamba ukijua jumla unazijua na sehemu zake. Nje ya bahari, jumla haisemi lolote kuhusu sehemu.

Neno chumvi hufanya kazi kama hidromita. Mvuvi wa Lamu anaposema maji yana chumvi, sehemu zote za bahari zimo katika kauli yake bila yeye kuzitaja. Mwalimu wa Kibuli anaposema kauli hiyohiyo, mwanafunzi wake anaweza kuwaza chumvi ya dukani, chumvi mwamba ya Katwe wanayolambishwa ng'ombe, au munyu wa majivu uliosimuliwa na bibi. Kitabu kinachoeleza bahari kuwa "maji yenye chumvi" kinasema kweli, lakini kinamwacha mwanafunzi huyo mahali alipokuwa Gosse mwaka 1854.

8. Maneno yaliyokuwepo

Lingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuziba pengo hilo. Pwani ilijengwa kwa matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa, magofu ya Gedi na nyumba za Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu za kuni. Waashi wa Waswahili walijua kwamba ndani ya tumbawe mna chokaa. Kinachobaki ni kuigeuza sentensi hiyo: ikiwa chokaa hutoka katika tumbawe, basi tumbawe nalo liliipata chokaa mahali fulani, na mahali hapo ni maji.

Wafugaji wa matumbawe wa Ulaya walieneza matumizi ya maji ya chokaa katika miaka ya 1970 ili kufidia kalsiamu inayoliwa na matumbawe tangini. Upande wa pili wa ujenzi huo ni kaboneti, ambayo jamaa yake wa jikoni ni magadi. Magnesiamu imo katika chumvi ya haluli, dawa ya zamani ya kuharishia inayojulikana na wauza dawa. Kwa maneno manne, yaani chumvi, magadi, chokaa na haluli, mwalimu anaweza kueleza kwa nini maji ya bahari ni bahari. Hakuna hata moja linalohitaji kuundwa upya.

Tahadhari inahitajika. Maneno haya ni madaraja ya kufikia dhana, si orodha ya vitu vya kutia tangini. Magadi ya sokoni huweza kuwa na floridi nyingi, chokaa ya kupakia kuta ina uchafu, na chumvi ya mezani huongezewa iodini na viungo vya kuzuia kugandamana. Mwalimu anayetumia jina la jikoni kufungulia mlango anapaswa kumwongoza mwanafunzi hadi kwenye jina la kemia: magadi hadi kaboneti, chokaa hadi kalsiamu, haluli hadi magnesiamu.

9. Maana kwa wapangaji wa sera

Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza ni kwamba ukusanyaji wa istilahi za Kiswahili nchini Uganda haupaswi kuishia katika kamusi zilizopo. Kibiro na Katwe zina maneno ya aina, madaraja na hatua za chumvi katika lugha za wenyeji. Watengenezaji wa Kibiro ambao bado wanaifanya kazi hiyo ni hazina inayoweza kupotea, hasa kwa kuwa chumvi ya viwandani, iliyoanza kumiminika baada ya reli kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, imepunguza thamani ya zao lao. Baraza la Taifa la Kiswahili, ambalo kuundwa kwake kuliidhinishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2019, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyopo Zanzibar zinaweza kulifanya eneo hili kuwa kazi ya pamoja.

La pili ni ushirikiano wa walimu. Mtaala unaweka Kiswahili, kemia, biolojia na jiografia katika madarasa yaleyale, lakini sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mada ya chumvi ni mahali pazuri pa kuandika vifungu vya kusoma vya Kiswahili ambavyo mwalimu wa kemia amevihakiki. Kifungu kuhusu Kibiro kinaweza kutangulia kifungu kuhusu bahari, ili mwanafunzi aende kwenye jambo la mbali akitokea kwenye la karibu.

La tatu linahusu hadhi ya lugha. Upinzani dhidi ya Kiswahili nchini Uganda, tangu enzi za Daudi Chwa, umekilenga kama lugha ya watu wengine. Hoja hiyo haijibiwi kwa amri. Hujibiwa pale ambapo Mganda, Mnyoro au Msongora anapokuta maarifa yake ndani ya Kiswahili, yakiwa yametajwa kwa jina na kupewa nafasi.

10. Hitimisho

Historia ya maji ya bahari ya kutengenezwa ni historia ya vitu vidogo vilivyoachwa na baadaye kurudishwa. Gosse aliiacha chokaa kwa sababu ilikuwa chache. Wajenzi wa kiwanda cha Katwe walishindwa na maji waliyoyachukulia kuwa maji ya chumvi ya kawaida. Kiswahili cha shuleni nchini Uganda kinaweza kuyaacha maarifa ya Kibiro na Katwe kwa sababu hayakutoka pwani. Katika visa viwili vya kwanza gharama ilionekana: matumbawe yasiyoweza kujenga, na mabomba yaliyoliwa. Katika kisa cha tatu gharama itachelewa kuonekana, kwa kuwa mwanafunzi asiyeelewa neno bado anaweza kulikariri na kufaulu mtihani. Kwa upande wa Kiswahili kinachofundishwa Kibuli na kwingineko bara, kazi iliyopo ni kuhakikisha kwamba neno chumvi linapotajwa darasani, swali linalofuata ni: chumvi ipi?